Nani Asukume Chapati?

Msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa pili nataka kukuuliza swali moja dogo. Je, waweza kuchukua unga mkavu wa ngano, maji, chumvi na mafuta, ukafanya chapati unazoweza kumwandalia mgeni pasipo kuona haya? Kama wewe ni msichana, aghalabu utajibu kwamba waweza, au kwamba unajifunza. Kama wewe ni mvulana, yamkini utacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Siandiki kukufurahisha bali kukugombeza. Na kwa kuwa nami zamani nilicheka vivyo hivyo, nitaanza ugomvi huu na nafsi yangu.

Nilikulia Ngara, ng'ambo ya pili ya mto Nairobi ukitoka katikati ya jiji. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na jiko. Tulikuwa watoto watano, wavulana wanne na msichana mmoja, na msichana huyo alikuwa pacha wangu. Tulizaliwa siku moja, tukaanza shule siku moja, na katika mwaka wa mwisho wa sekondari, yeye katika shule ya wasichana na mimi katika shule ya wavulana, tulikuwa tukijitayarisha kwa mtihani mmoja. Kila Jumamosi alasiri, mama yetu alipokuwa bado sokoni, dada yangu alifungua pakiti ya unga ya kilo 2, akakanda, akasukuma, akakaanga chapati kama 30. Sisi wavulana tulikuwa chumbani tukisoma. Tena tulifunga mlango, maana moshi wa mafuta ulituwasha macho, na tulidhani kwamba mwanafunzi hodari hana budi kuyatunza macho yake.

Matokeo yalipotoka, mimi nilipata nafasi ya kuendelea na masomo. Yeye aliikosa kwa alama chache. Sisemi kwamba chapati ndizo zilizomwangusha. Mtihani una sababu nyingi, na mimi si hakimu. Lakini hesabu ni hesabu, nami nakuomba tuifanye pamoja. Kukanda unga na kungoja utulie ni kama saa 1. Kusukuma na kukaanga chapati 30, kwa dakika 3 kila moja, ni saa 1 na nusu. Jumla ni saa 2 na nusu kila Jumamosi. Chukua majuma 36 tu ya masomo katika mwaka, uzidishe. Utapata saa 90. Kama kipindi cha darasani ni dakika 40, basi saa 90 ni vipindi 135. Dada yangu alikosa vipindi 135 ambavyo mimi nilivipata, na jioni ilipofika nilikula chapati zake kuliko yeye alivyokula. Kama tungaligawana kazi ile watu watano, kila mmoja angalitoa nusu saa tu kwa juma. Nusu saa! Hapana mtihani duniani uliomwangusha mtu kwa sababu ya nusu saa ya Jumamosi.

Basi hoja yangu ni hii. Kufanya chapati nyumbani, tangu unga mkavu hata sahani, ni kazi ya kila alaye chapati, mwanamume sawa na mwanamke. Na mvulana atokaye sekondari bila kuijua ametoka na elimu pungufu, hata kama cheti chake kimejaa alama za juu.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa. Watu watasema: tangu zamani chapati ni kazi ya wanawake. Neno "tangu zamani" ni neno zito, na yafaa lipimwe kabla ya kubebwa. Na tulipime hapa hapa Nairobi.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali ilipo Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Kwa kazi hiyo Waingereza waliajiri wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Mkataba wao ulikuwa wa miaka 3, kwa mshahara wa rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho. Wapatao 2,500 walikufa kazini, na waliobaki katika nchi hizi baada ya mikataba yao kwisha hawakufika 7,000. Wengi wao walitoka Punjab, nchi ya ngano, nao walikuwa karibu wote wanaume. Mama zao, dada zao na wake zao walibaki ng'ambo ya bahari. Nani basi aliyewakandia unga katika kambi za Tsavo mwaka 1898, mwaka ule simba wawili walipokuwa wakiwanyakua watu mahemani usiku? Walijikandia wenyewe. Mikono iliyoshika sururu mchana ndiyo iliyosukuma chapati jioni. Sineni habari za Pwani, ambako biashara na Bara Hindi ni ya karne nyingi. Nanena habari za bara. Huku bara chapati iliingia pamoja na reli, nayo iliingia mikononi mwa wanaume.

Hiyo ni mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa katika nyumba za mjini. Wakati wa ukoloni watu wa Nairobi walitengwa kwa rangi, na Ngara, pamoja na Pangani na sehemu za Parklands, ilikuwa mitaa ya Wahindi. Katika nyumba zao, kama katika nyumba za Wazungu, watumishi wengi walikuwa wanaume Waafrika. Hao ndio waliofua, waliopiga pasi, waliowasha moto na kusimama jikoni. Walitazama, wakaiga, wakajua. Njia mojawapo iliyoitoa chapati katika jiko la Mhindi na kuifikisha katika jiko la Mwafrika ilikuwa mikono ya wanaume hao. Mchana walikanda unga wa mwajiri wao pasipo kuona aibu, kwa sababu mwisho wa mwezi palikuwa na mshahara.

Mara ya tatu ni leo, wala huhitaji kitabu cha historia ili kuiona. Pita Ngara asubuhi na mapema, kutoka Globe kupanda Barabara ya Ngara, au karibu na soko la Fig Tree, wakati magari ya abiria yanapomwaga watu. Utaona jiko la makaa, kikaango kipana, na mtu amesimama akigeuza chapati huku wafanyakazi wakingoja na vikombe vya chai mikononi. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamume. Ukivuka mpaka kwenda Uganda, utawakuta vijana wa Wandegeya mjini Kampala waliojipatia sifa kwa kukunja mayai ndani ya chapati, chakula kinachoitwa rolex. Na wengi wao ni wanaume vilevile. Sijapata kusikia mtu akiwaambia vijana wale kwamba wamefanya kazi ya kike.

Sasa, msomaji, yaweke mambo haya matatu mbele yako uyatazame. Mwanamume alisukuma chapati kambini. Alisukuma katika jiko la tajiri. Anasukuma kando ya barabara. Lakini mwanamume huyo huyo akifika nyumbani kwake jioni, mikono yake hupooza ghafula, na kifimbo cha kusukumia kikawa cha mkewe, au cha dada yake, au cha binti yake wa miaka 10. Ni nini kilichobadilika njiani? Unga ni ule ule. Moto ni ule ule. Kilichobadilika ni malipo. Kazi ile ile ikilipwa huitwa ufundi, na mwanamume huiona halali yake. Isipolipwa huitwa wajibu, na hutupiwa mwanamke. Basi tusidanganyane kwa kutaja mila, wala maumbile, wala wazee wetu. Jambo hili halihusu ulaini wa mikono. Lahusu fedha.

Wala si jambo la nyumba yetu peke yake. Uchunguzi wa matumizi ya wakati uliofanywa mwaka 2021 na Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya ulionyesha kwamba mwanamke hutumia zaidi ya saa 4 kwa siku katika kazi za nyumbani na ulezi zisizo na malipo, na kwamba mwanamume hafikishi hata saa 1. Katika saa hizo zimo maji, kuni, nguo na watoto, na chapati ni sehemu ndogo tu. Lakini mzigo mkubwa hutuliwa kipande kwa kipande, nami nimechagua kipande hiki kwa kuwa ni kitamu. Mtu asiyekubali kujifunza hata kazi iliyo tamu hivi hatajifunza kuosha sufuria.

Sasa nijibu hoja za wapinzani wangu, maana si haki kumpiga mtu aliyefumbwa mdomo.

Wa kwanza husema: mimi nitanunua. Chapati zipo kila pembe ya mji, na madukani zimo zilizogandishwa kwa barafu, zinangoja moto tu. Kwa nini nijichafue? Namjibu kwamba sina ugomvi na muuzaji. Yeye yu kazini, na chakula chake kimewashibisha wengi waliotoka nyumbani na njaa. Namheshimu, kwa sababu yeye anajua. Ninayemlaumu ni mnunuzi asiyejua. Chukua bei ya pakiti ya kilo 2 ya unga leo hii dukani kwenu, uongeze bei ya mafuta na ya moto, ugawe kwa 30. Kisha linganisha na bei ya chapati moja ya barabarani. Hesabu hiyo nakuachia uifanye mwenyewe. Mtu mmoja mwenye mshahara mzuri aweza kudharau tofauti hiyo. Watu saba wenye mshahara mmoja hawawezi. Tena mtu asiyejua kujilisha ni mfungwa wa yule amlishaye: dada akiolewa, mama akiugua, duka likifungwa, yeye hukaa na unga kabatini na njaa tumboni.

Wa pili husema: hiki ni chakula cha kigeni, kwa nini tukipiganie? Huyo namwuliza mahindi yalitoka wapi. Yalitoka Amerika, yakavuka bahari, na leo asiyekula ugali huitwa mgonjwa. Chakula huwa chetu kwa kupikwa, si kwa kuzaliwa. Chapati ya Kenya yenyewe imekwisha kubadilika. Mhindi huita chapati ule mkate mwembamba mkavu usiokaangwa kwa mafuta. Sisi tumelipa jina hilo lile bapa nene lenye matabaka, ambalo kwao lina jina jingine. Tunaila kwa ndengu, kwa maharagwe na kwa mchuzi wa kuku, na sikukuu ya Krismasi isiyo na chapati ni kama arusi isiyo na ngoma. Mwaka 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii. Chapati iliupata uraia huo miaka mingi kabla ya waliotuletea.

Wa tatu husema: unga mweupe na mafuta mengi havifai kwa afya, na ngano yenyewe huagizwa ng'ambo. Huyu ana haki kwa nusu, na haki yake nampa. Ngano hulimwa Narok, Uasin Gishu na Nakuru, lakini haitutoshi. Iliyo nyingi tunainunua nje, na mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka, bei ya unga ilipanda hata hapa kwetu. Wala kuipanda si jambo jepesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alijaribu ngano Njoro, ugonjwa wa kutu ukaiharibu mashambani. Na kutu mpya iliyogunduliwa Uganda ikapewa jina la Ug99, kwa kuwa ilitambuliwa mwaka 1999, imewashughulisha wataalamu wa Njoro na wa dunia nzima. Yote hayo ni kweli. Lakini yanathibitisha neno langu. Apikaye nyumbani ndiye apimaye mafuta kwa kijiko chake mwenyewe. Ndiye awezaye kutumia unga usiokobolewa, au kuponda boga na viazi vitamu akakandia humo, unga ukapungua na chakula kisipungue. Anunuaye hula alichopewa. Na kitu kilichopatikana kwa shida namna hiyo si halali kukiharibu kwa ujinga.

Wa nne hasemi kwa sauti, ila huona moyoni kwamba kazi hii itamshusha cheo. Huyu nitamjibu kwa mfano. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na wakili mmoja wa Kihindi mjini Johannesburg, mwenye ofisi na wateja wengi. Alinunua kinu cha mkono cha chuma, akakiweka nyumbani, na yeye mwenyewe pamoja na rafiki yake na watoto wa nyumba wakawa wanasaga unga wa mkate wao. Wakili huyo ni Mohandas Gandhi. Kinu kile hakikumshusha cheo. Baadaye dola kubwa ilipata tabu kumtisha mtu huyo, na nadhani sababu mojawapo ilikuwa kwamba alizoea kuishi kwa kazi ya mikono yake.

Imebaki hoja ya tano, nayo ndiyo ya kweli kuliko zote: sijui, wala hapana aliyenifundisha. Hoja hii siipingi bali naiponya. Keti, nikufundishe.

Twaa vikombe 3 vya unga wa ngano, ukatie bakulini pamoja na kijiko kidogo kimoja cha chumvi. Tia vijiko 2 vikubwa vya mafuta, uchanganye kwa vidole mpaka unga uwe kama mchanga wenye umande. Pasha maji yawe vuguvugu, kiasi cha kikombe 1 na robo, uyatie kidogo kidogo. Usiyamwage yote kwa pamoja, maana unga hutofautiana, na ni rahisi kuongeza maji kuliko kuyatoa. Kisha kanda. Hapa ndipo wavivu huanguka. Ndani ya ngano mna utomvu uitwao gluteni. Ukilowanishwa na kukandwa hujisuka kama nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazoifanya chapati ivutike isikatike. Unga wa mahindi hauna nyuzi hizo, ndiyo maana huwezi kuusukuma ukawa bapa jembamba. Kanda kwa kiganja kwa dakika 10 au zaidi, ukiukunja na kuusukuma mbele, mpaka kinyunya kiache kushika vidole na kiwe laini kama ncha ya sikio lako.

Ukiisha kukanda, kifunike kwa kitambaa, ukiache nusu saa. Watu wengi hudhani kwamba kungoja ni kupoteza wakati. Si hivyo. Nyuzi zile zimechoka kwa kuvutwa, na zisipopumzika kila bapa utakalosukuma litajikunja na kurudi nyuma. Nusu saa hiyo ndiyo nafasi yako ya kusoma. Hapana amri isemayo kwamba mpishi ni lazima asimame jikoni akitazama kitambaa.

Kisha kata kinyunya vipande 8. Nyunyiza unga kidogo kwenye kibao, sukuma kipande cha kwanza kiwe bapa la mviringo, ukipake mafuta au samli usoni. Kikunje kama mkeka, halafu kizungushe kama gamba la konokono, ufiche ncha chini. Fanya hivyo kwa vyote, uviache tena dakika chache. Mafuta uliyopaka yamekaa kati ya kunjo na kunjo, na hayo ndiyo yanayozuia matabaka yasishikamane. Moto utakapoyageuza maji ya ndani kuwa mvuke, mvuke utayainua matabaka hayo. Asiyejua jambo hilo huongeza mafuta kikaangoni akitumaini ulaini. Kumbe ulaini umekwisha kuamuliwa kibaoni.

Sukuma tena sasa, kwa mkono mwepesi, ukizungusha bapa robo duara kila mara ili liwe sawa pande zote. Mara ya kwanza litakuwa na umbo la ramani ya Afrika. Usijali, tumbo halijui jiometri. Kikaango kiwe na moto wa kiasi: kikiwa baridi chapati itakauka kama ngozi kabla ya kuiva, kikiwa kikali mno itaungua nje na kubaki mbichi ndani. Iweke kavu. Ukiona malengelenge yameanza kutoka, igeuze. Paka mafuta kijiko kidogo, geuza tena, paka upande wa pili, ukikandamiza kingo kwa mwiko mpaka madoa ya rangi ya kahawia yaenee. Kisha uitoe, uiweke ndani ya kitambaa, na zinazofuata uzipange juu yake. Mvuke wa ile ya chini huilainisha ya juu. Ukiziacha wazi zitakuwa ngumu, nawe utausingizia unga.

Hayo ndiyo yote. Hayahitaji mitambo wala cheti, na ukiyajua Ngara umeyajua mahali pengi. Mexico, hasa mikoa yake ya kaskazini, ngano ilifika na Wahispania katika karne ya 16, na watu wa huko hufanya bapa liitwalo tortilla kwa unga ule ule, chumvi ile ile, maji vuguvugu na mafuta, aghalabu ya nguruwe. Wao hawakunji wala hawatii matabaka: husukuma mara moja, bapa jembamba, hulioka kwenye chuma kikavu, hufungia ndani maharagwe au nyama. Ukitaka kuifanya tortilla, fuata maneno yangu mpaka mahali pa kukata vipande, uache konokono, usukume iwe nyembamba kama kitambaa, uoke pasipo kupaka mafuta. Kazi moja, mikono mbalimbali. Lakini nasikia kwamba huko nako mzigo huu umewalemea wanawake kuliko wanaume. Basi ujinga nao una safari zake.

Nawe msichana usomaye insha hii, usishangilie upesi. Sikusema uache. Sitaki siku moja wewe nawe ujivunie kutojua, ukidhani kwamba uhuru ni kuwa mjinga kama kaka yako. Haki unayoidai ni kwamba kazi igawanywe. Haki haidai kwamba ujuzi ufe. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na anayejua kuunda asikubali kupokonywa kisu chake, bali adai mwenzake naye ashike kisu cha pili.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza dada yangu kama alituonea uchungu kwa ajili ya chapati zile. Alifikiri kidogo, akaniambia: "Kaka, kukanda hakukuniudhi. Nilipenda kukanda. Kilichoniudhi ni ule mlango." Sikuwa na la kujibu, wala mpaka leo sina.

Kwa hiyo, kijana, sikuombi uibadilishe dunia. Nakuomba jambo la Jumamosi ijayo. Dada yako, au mama yako, au mtu yeyote wa nyumbani atakapofungua pakiti ya unga, funga kitabu chako kwa nusu saa, kunja mikono ya shati, nawa mpaka viwikoni, ukamwambie: "Niachie mimi nikande." Chapati zako za kwanza zitakuwa ngumu. Zile wewe mwenyewe, usimpe mtu. Za pili zitakuwa afadhali, na kabla ya mwaka kwisha utaandikia wageni. Ukishindwa kufanya hata hayo, basi fanya moja lililo dogo kuliko yote: unaposoma, acha mlango wazi, moshi ukuingie macho.